Mhusika wangu wa animation alibeba gunia la dagaa kama mto wa kulalia, Kibirizi wakanifundisha kazi

Wakuu, habari za majukumu. Hii siyo chai, yamenikuta mwenyewe.

Nipo Ujiji, nasoma character animation online. Kwa wasiojua: unamchukua mdoli wa kwenye kompyuta, unamfundisha kutembea, kucheka, kununa.

Zoezi la mwisho likaja: mtu anatembea na mzigo mzito. Nikasema hili langu! Mama anauza dagaa Kibirizi, kule ufukweni, nimekulia kwenye magunia. Nikatengeneza mpagazi, smooth balaa.

Mwalimu akarudisha. "Mzigo wako hauna uzito."

Nikamwongezea mpagazi jasho usoni. Jasho, wakuu! Ikarudi tena. Ikabaki nafasi moja, ukifeli unarudia kozi nzima.

Iliniuma sana. Mwaka mzima mama anawaambia watu mwanangu anasoma, wao wanaona nachezea katuni.

Nikabeba simu hadi Kibirizi, kwa Mzee Bilali, mpagazi anayembebea mama. Shikamoo, marahaba, nikamwonyesha.

Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Gunia umejaza pamba? Mbona anaangalia watu? Mwenye mzigo anaangalia pa kukanyaga."

Kabla sijajitetea akanitwisha gunia. Nikapiga hatua nne tu. Shingo ilizama, magoti yakagoma, kila mguu nauchomoa mchangani na pumzi yake. Wamama wakaangua kicheko, na mama yangu ndiye aliyeongoza kwaya.

Nikafuta kazi yote, nikaanza upya. Wiki mbili, mgongo bado unauma, nikiwa mzembe unanikumbusha.

Nikamrudia Mzee Bilali. Safari hii hakucheka. "Ego," akasema, ndiyo hiyo kwa Kiha chetu, "huyu sasa amebeba."

Majibu yametoka juzi: NIMEPITA! Mwalimu kaomba awaonyeshe wanafunzi wengine. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani.

Nilichojifunza: kazi yako mpelekee anayeiishi, hata kama atakucheka. Kicheko cha Kibirizi kimenisaidia kuliko video zote nilizotazama.

Wenye fani, nani aliwafundisha nje ya darasa? Shusheni hapa.

Mimi narudi kazini. Ile clip inajirudia, mtu anatembea tu hafiki. Mama kaitazama, halafu akanisukumia simu:

"Sasa mbona humtui? Mtue mzigo, mwanangu, utamuua huyo."