Kikapu cha Darasa la Nne

Kwenye kikao cha wazazi, mwalimu mkuu alisema elimu ya mtoto si kazi ya walimu peke yao, wazazi tushiriki. Nilipiga makofi na wenzangu, lakini sikujua nashiriki vipi. Marehemu mama yangu hakuwahi kukanyaga shuleni kwangu. Kwake, kunisomesha kulikuwa kuhakikisha nimekunywa uji kabla ya kutoka.

Nafasi ikajileta yenyewe. Binti yangu wa darasa la nne alipewa kazi ya kusuka kikapu kidogo cha ukindu. Mimi ni mtu wa Muleba, kusuka nilikujua kabla ya kusoma. Siku mbili nilimtazama akihangaika, kikapu kimelalia upande kama mtu mwenye maumivu ya kiuno, na roho ikaniuma. Jumamosi alipokwenda kuchota maji nilikifumua chote, nikakisuka upya. Aliporudi alikiangalia, akakitia kwenye mfuko wa shule. Mimi nikadhani amefurahi.

Jumatatu mwalimu wake alikisifia sana, akamwita mbele awaonyeshe wenzake namna ya kuanza kitako. Mwanangu alisimama na ukindu mkononi, asijue pa kuanzia, mpaka darasa zima likacheka. Nyumbani alisukuma pembeni sahani ya ndizi, akasema shule haitaki tena.

Kesho yake nilimfuata mwalimu. Ni kijana mdogo, akaniamkia vizuri.

“Mwalimu, kosa ni langu. Mlituambia tushiriki, nikashiriki.”

Alicheka hadi akashika meza. “Shiriki, mama, ila mikono iwe ya mtoto.”

“Na yangu niiweke wapi?”

Akasema hilo tutaliongelea kikao kijacho. Nilirudi nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda, na hasira juu. Kwa nini hawakusema mapema?

Jioni ile binti yangu alichukua ukindu mwenyewe, bila kuambiwa, akaja kukaa kando yangu. Nilifurahi nusura nilie. Akaanza kitako. Akaruka jani moja, nikaona. Akaruka la pili. Nikaikalia mikono yangu, nikabana midomo, nikatazama migomba huko nje, nikijisifu moyoni kwamba safari hii nimeelewa.

Aliacha kusuka. Nilipogeuka, machozi yalikuwa yanamlengalenga.

“Mama,” akaniuliza, “mbona hunitazami, bado umenikasirikia?”