Meko Yasiyowaka

Kabla ya mvua za mwaka huu nilivuka feri kwenda Likoni kumsaidia shangazi kuhamisha jiko. Nasema kuhamisha, ingawa hapakuwa na pa kulipeleka.

Nyumba yenyewe ungeijua ukiiona: paa la vigae lenye mwinamo mkali, baraza lenye mbao zilizotobolewa kama lesi. Aliijenga Mzungu enzi ya malkia wao, akaiga ya kwao hata akatia meko ya ukutani yenye dohani, ya kuotea moto, katika joto la Likoni! Nimejisomea habari za majengo hayo miaka mingi, na sababu sijaiona ila kukumbuka kwao.

Nyanya alikuwa mpishi hapo. Mzungu wa mwisho alipoondoka alimwachia nyumba, lakini mlango wa mbele nyanya hakuuzoea. Nasi watoto tuliingia kwa nyuma, kwenye jiko la mabati lenye mafiga matatu. Huko ndiko tulikoishi. Nakumbuka moshi wa kuni za mkoko, mbuzi ikikuna nazi, tui likifoka na kumwagikia makaa. "Nyumba hii uso wake u baharini," nyanya akisema, "sisi tu kisogoni." Kazi yangu ilikuwa kusugua sakafu nyekundu ya baraza kwa kumbi la nazi. Meko yale ya ukutani hayakuwahi kuwashwa. Kuku wa nyanya aliatamia mayai humo.

Siku hizi nyumba iko chini ya hifadhi ya majengo ya kale. Shangazi, aliyeirithi, haruhusiwi kuibomoa wala kuibadilishia vigae, na vigae vya namna ile havipatikani tena. Vyumba vyote vinavuja. Alikuwa akilala jikoni, penye mabati mazima.

Kisha, siku moja nami nipo, akaja afisa wa hifadhi, kijana mwenye adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Viti ni vya taifa, usije ukavivunja. Kalia mbuzi."

Alicheka, akaikalia. Alipomaliza kukagua akasema meko ya ukutani yana thamani kubwa, yasiguswe. Jiko la nyuma liliongezwa baadaye, laharibu sura ya nyumba; liondoke.

"Lililolisha watu ndilo la kuondoka?" shangazi akauliza. "Na hayo ya kuku ndiyo urithi?"

"Mama, mimi nafuata umri wa ukuta."

Wallahi, sikuweza kumpinga. Kwa vitabu vyangu mwenyewe, alikuwa sahihi.

Siku hiyo niliyovuka, mabati yalipokwisha kung'olewa, shangazi aliyabeba mafiga moja moja, akazunguka hadi mlango wa mbele, akavua ndara kama mgeni, akayapanga ndani ya meko ya ukutani. Bila kuni, moto humo hauruhusiwi.

"Haya," akasema, "nayo yahifadhiwe."

Sasa uji wake hutoka kwa jirani. Mvua ikinyesha huburuta kitanda kutoka chumba hadi chumba. Nimemsihi aje kwangu Changamwe; asema hakuzaliwa akafie nyumba ya kupanga.

Mafiga yangali meusi kwa masizi ya nyanya. Kila nikija huinama kuyanusa. Moshi wa mkoko bado umo, lakini kila safari hunibidi kuinama zaidi.