Sarafu Zilizosuguliwa kwa Ndimu

Siku tatu sikulala vizuri kwa sababu ya swali moja: nizipige picha zile sarafu kivulini au juani? Kivulini zingeonekana za kale, na bibi yangu angepata mabati ya kuezekea nyumba yake. Juani ukweli ungeonekana.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka ule. Kwa kuwa nilikuwa na kamera, mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam alinituma Kilwa nikazipige picha sarafu za bibi yangu. Aliwauzia wakusanyaji wa ng'ambo sarafu za zamani, nao walichagua kwa kutazama picha tu. Bibi, mama yake mama, alikuwa na kumi na moja za shaba, za enzi za masultani. Aliziibua kwa jembe katika shamba lake, kabla hajahamishiwa kijiji cha ujamaa. Mikorosho na kaburi la babu vilibaki kule. Kijijini alipewa kiwanja kando ya barabara, na makuti ya nyumba yake yalikuwa yanavuja, masika nayo inakaribia.

Kabla ya safari nilimwandikia barua ya kurasa nne. Nilimweleza azifunge kwa kitambaa gani, aziweke wapi, azitoe matope kabla sijafika. Katika kurasa zote hizo sikuandika kwamba zisisuguliwe.

Nilipofika nilimwamkia.

"Marahaba, mume wangu. Mbona umekonda? Huko chuo walikulisha vitabu?"

Akaleta ungo, akafunua kitambaa. Sarafu ziling'aa kama vifungo vipya. Alizisugua siku mbili kwa ndimu na majivu, kama tusuguavyo sinia za shaba kabla ya Idi. Kwetu shaba nyeusi haiwekwi mbele ya mgeni. Kutu ya kijani waliyoipenda wanunuzi ilikuwa imekwisha, na kwenye nyingi jina la sultani halikusomeka tena.

"Zina doa?" akauliza.

"Hazina, bibi."

"Vidole vinaniuma mpaka leo. Nilisema mume wangu hataaibika mbele ya tajiri wake."

Nikamwambia mwanga haufai, tungoje. Nilisema hivyo siku tatu. Nikawaza kuzipaka masizi. Nikawaza mnunuzi akifungua bahasha huko kwao, halafu lawama ikirudi mpaka kwenye kiwanja kile.

Asubuhi ya nne nilimkuta anapepeta mpunga. Nikachuchumaa karibu yake.

"Bibi, walizitaka na kutu yake. Nilipaswa kukuandikia, sikukuandikia. Kosa ni langu."

Aliendelea kupepeta, kisha akaacha.

"Kwa hiyo mabati hakuna."

"Labda kidogo sana. Labda hakuna."

Akatazama vidole vyake. "Ungeniambia siku ile ile. Nimeshawaambia majirani."

Nilitandika kanga yake uani, kwenye jua kali, nikazipiga picha zote kumi na moja, mbele na nyuma. Nilipozisafisha picha Dar es Salaam, niliandika kwa wino nyuma ya kila moja, "Imesuguliwa," nikampelekea tajiri.