Kumdakia Somoe

Mpira wa kriketi ukiingia sawasawa kwenye glavu hutoa mlio mzito na mfupi, kama mtu aliyefunga kitabu kinene kwa hasira. Siku hizi mlio huo nausikia kwenye simu, nikiwa kwenye cherehani yangu hapa Kibiti, kwa kuwa napenda kuangalia zile mechi za Test zinazochezwa siku tano. Mume wangu huuliza ni mchezo gani huo ambao watu wanakwenda kula chakula cha mchana, kisha wanarudi kuendelea. Naendelea kutazama. Mrushaji anakuja polepole, anauzungusha mpira kwa vidole, unadunda chini na kukata kona, na nyuma ya vile vijiti vitatu yupo mtu amechuchumaa anausubiri. Watu wote wanamtazama mrushaji. Mimi namtazama aliyechuchumaa, na kidole gumba changu cha kulia kinaanza kuuma, maana kazi ile naijua, na aliyenionesha ubaya wake namjua kwa jina.

Anaitwa Somoe, mtoto wa mjomba wangu. Mjomba alikuwa akikata boriti za mikoko huko kwenye visiwa vya delta, na shule ilikuwa mbali nao, kwa hiyo Somoe aliletwa kwetu Mtunda asome. Alifika na mkeka, mfuko wa nguo na ndoo ya kamba wakavu ambao walinukisha nyumba nzima hadi tulipowamaliza. Tulikuwa rika moja. Kwetu, mtoto wa mjomba ni mtani wako tangu unapozaliwa. Anaweza kuvaa kanga yako bila kuomba, akakuita mke mwenzake, akawaambia wageni kwamba wewe bado unakojoa kitandani, na ukinuna wewe ndiye mwenye makosa. Ni desturi nzuri sana kwa mtu ambaye hakupangiwa kulala chumba kimoja na Somoe.

Kriketi ililetwa na Mwalimu Mbonde. Alikwenda semina Dar es Salaam, akarudi na mfuko wenye magongo mawili bapa, vijiti, mpira mwekundu mgumu kama jiwe, na jozi moja ya glavu kubwa zilizokwisha kuvaliwa na watoto wa shule nyingine, zikinuka jasho lao. Alitueleza kwamba mmoja anarusha, mwingine anapiga, na nyuma ya mpigaji anakaa kipa wa kuudaka mpira usipopigwa. Ukimpita kipa, mpigaji na mwenzake wa upande wa pili wanakimbia na kujipatia alama. Akatutaka wasichana wote tuchuchumae ili aone nani atadumu. Wenzangu walianza kuyumba na kucheka. Mimi nilikuwa nimekulia kwenye palizi ya mpunga, nikabaki pale chini mpaka akaniambia inatosha. Nikapewa glavu. Nilizivaa hadi nyumbani, na kwa muda mfupi sana nilikuwa mtu mwenye furaha.

Kisha Somoe akapewa mpira. Wengine walikuwa wakikimbia kwa nguvu na kuurusha moja kwa moja, ukija unauona unakuja. Somoe alitembea tu, kama anayekwenda dukani, akapitisha mkono juu ya kichwa na kuupinda kiwiko cha mkono, hapana, si kiwiko, kifundo, kwa namna ambayo hatujawahi kuiona. Baadaye alituambia kwamba kisiwani kwao walikuwa wakicheza kulenga mti uliosimikwa kwenye tope, na walikuwa wakirusha makomafi, yale matunda ya mkomafi, mti wa huko mikokoni, yakiwa machanga na makubwa kama ngumi. Komafi ni la mviringo, lakini lina uzito upande mmoja na haliendi unakolituma. Unalizungusha, unaliachia, basi. Mpira wa serikali nao aliushika kama komafi. Ukadunda mbele ya mpigaji, ukageuka, mpigaji akapiga hewa, na uwanja mzima ukashangilia.

Sasa niulizeni ulifikia wapi. Ulifikia kwenye kidevu changu. Wa pili ukaenda upande wa pili kabisa, nikabaki nimekumbatia upepo. Na hapa ndipo palipokuwa panakera: Somoe akimdanganya mpigaji anapigiwa makofi, akinidanganya mimi na mpigaji kwa pamoja watu wanapiga kelele, "Kipa!" Hakuna hata siku moja mtu aliposema, "Somoe!"

Nilimsihi. Nilimwambia mimi si adui yake, aniambie mpira utakwenda upande gani ili nijiandae. Tukakubaliana akikuna sikio utakwenda kushoto. Akakuna sikio, ukaenda kulia. Nilipomwuliza akasema sikio lilikuwa linawasha. Nikapeleka mashtaka kwa Bibi, aliyemzaa mama yangu na pia baba yake Somoe, nikamwonesha na kidole gumba kilivyovimba. Bibi akakikanda kwa maji ya moto huku anacheka hadi mabega yanatikisika, akaniuliza tangu lini mtu akamshtaki mtani. Mama akanishauri nimlipizie. Nikamtilia chumvi kwenye uji, akaunywa wote na kusema leo umenoga. Na kila nilipomwuliza upya, jibu lilikuwa lile lile, kwa uso mkavu kabisa: hajui mpira unakokwenda, siku akijua ataniambia. Nilikuwa naujua utani nikiusikia. Nikamwacha, nikaanza kumkodolea macho mkono, bega, hata namna anavyoweka unyayo, kama mtu anayemvizia kuku mwizi.

Ndipo tukasikia kwamba kocha wa mkoa angekuja Kibiti kutazama mechi yetu na wasichana wa Mchukwi, achague watakaokwenda kambini Dar es Salaam wakati wa likizo. Mimi nilikuwa sijafika hata Mkuranga. Niliitaka kambi ile kuliko nilivyopata kutaka kitu chochote. Nilikwisha kumwomba shangazi begi lake. Lakini kipa angechaguliwa mmoja, na sisi tulikuwa wawili. Hadija, msichana mrefu wa darasa letu, ndiye aliyekuwa akiwadakia warushaji wa kasi. Mipira yao ilimjia kifuani kama chakula kinavyoletwa mezani. Glavu zikitoka kwake zilikuwa safi, na yeye mwenyewe alikuwa hana hata alama ya kucha usoni. Mimi nilimdakia Somoe, na nilikuwa kama mtu aliyeanguka mnazini.

Siku ya mechi, mpira wa kwanza wa Somoe ulinipita ukaenda hadi kwenye kamba ya mpaka wa uwanja. Mwingine ukanigonga kidole kile kile. Mwalimu Mbonde akapaza sauti kutoka pembeni, "Kipa hana likizo, Zaituni!" maneno aliyokuwa akiyapenda, na nikamwona kocha, mwanamke mwenye kofia nyeupe, akimnong'oneza jambo. Nikatoka mahali pangu nikamfuata Somoe.

"Leo naomba usinifanyie utani," nilimwambia. "Mpira unakwenda wapi?"

"Sijui, Zaituni. Wewe kaa pale tu, mie nitaachia."

Alisema vizuri, bila kucheka, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Baada ya mpira mwingine kunipita, Mwalimu alinivua glavu akampa Hadija, nami nikapelekwa mwisho wa uwanja, kwenye shamba la mihogo la jirani. Na hapo Somoe akafanya jambo ambalo lilinikata maini. Akaanza kurusha mipira iliyonyooka, laini, isiyozunguka hata kidogo. Hadija alikuwa anaidaka kwa raha ile michache iliyomfikia. Mingine yote wasichana wa Mchukwi waliipiga, ikaangukia kwenye mihogo, na mimi ndiye niliyetumwa kuitafuta. Niliokota mpira huku nalia kwa hasira, maana nilikwisha kuelewa mambo yote: Somoe ameamua kumpamba Hadija, na kambi yangu inaliwa hivi hivi naiona.

Mwalimu alivumilia mpaka akashindwa, akanirudisha. Nilichuchumaa. Somoe akanitazama kidogo, akaja na mwendo wake wa dukani. Nilipoona kifundo kinavyopinda nilikwisha kusogea kushoto kabla mpira haujadunda, nao ukadunda ukaja kushoto. Mpigaji alikuwa ametoka kwenye mstari wake kuufuata, akaukosa. Nikaudaka na kuviangusha vijiti kabla hajarudi, akatolewa mchezoni. Wenzake wawili wakatolewa vivyo hivyo. Tukashinda kwa taabu, tukabebana, na kocha akasoma majina. Somoe. Hadija. Mimi, alisema kwa upole, nina bidii ila mipira inanipita mno.

Jioni ile nyumbani palipikwa wali na kuku kwa heshima ya Somoe. Nilikuwa nimekaa na sahani yangu nisiyoigusa, najitahidi kulia kwa ndani, wakati Somoe aliposema mbele ya watu wote, na Mwalimu Mbonde akiwemo, kwamba yeye haendi.

"Bila Zaituni siendi," alisema.

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mtani wako ameshinda, wewe umeshindwa, halafu anakuomboleza mbele ya wageni. Utani mzuri kuliko huo ungeupata wapi? Bibi akasema basi tutafutiwe mume mmoja mambo yaishe. Mimi nikaondoka mkekani. Kunyimwa kambi ningevumilia, lakini kudhihakiwa juu ya wali nilioupika mwenyewe kulinishinda. Mwalimu alimbembeleza, mjomba akamgombeza kwa simu, na Somoe akashikilia neno lake mpaka gari likaondoka na Hadija peke yake. Sikumsemesha msimu mzima wa palizi. Tulipomaliza darasa la saba alirudi deltani, akaolewa huko, na hakuna aliyemwona tena na mpira mkononi.

Mwaka jana tulikutana kwenye arusi ya mdogo wangu. Tulipewa mchele wa kuchagua, tukakaa na ungo mmoja katikati, watu wazima sasa, yeye na utani wake kwa kila aliyepita. Nikamwambia kwamba tumeshazeeka, anitolee ile siri: alikuwa anajuaje mpira utageukia wapi? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina lake na mama yake mzazi.

"Si nilikwambia sijui? Mie nilikuwa nakuangalia wewe. Ukisogea kushoto, ndiyo na mie najua unakwenda kushoto."

Niliacha kuchagua. Nikamkumbusha mipira ile laini aliyomrushia Hadija. Akasema Hadija alikuwa amesimama tu kama nguzo, na yeye hawezi kuuzungusha mpira asiojua utaishia mikononi mwa nani. Nikamwuliza na kambi je, kwa nini hakwenda.

"Ningekwenda, nani angeudaka?"

Hakuwa anatania. Wala siku ile ya wali hakuwa anatania. Alikuwa amesema kweli kila siku, uwanjani na nyumbani, na sisi sote tukamcheka kwa sababu alikuwa mtani, na mtani haaminiwi. Siri niliyomng'ang'ania anipe, kumbe mimi ndiye niliyekuwa nayo, machoni mwangu mwenyewe. Na msichana niliyedhani ameninyang'anya Dar es Salaam aliikataa Dar es Salaam, akabaki kulala chumba kimoja na mtu asiyemsemesha. Nilimwambia ni mpumbavu, na kwamba angekwenda angenisimulia hata bahari ya kule. Nilikuwa nimekasirika kweli. Somoe akanisogezea ungo, akasema nichague mchele, wageni wana njaa, na tena asinifiche, mipira mingine ilikuwa inanipita kweli.