Marehemu wa Kila Machi

Delmar Stuckey alikufa mara ishirini na tatu, na zote nilizishuhudia, maana mimi ndiye mpiga tarumbeta. Kila Machi tunavaa makoti ya sufu kwenye jua la kuivisha yai, tunasimika mahema chini ya mlima Picacho, kisha tunapigana upya pigano dogo la vita vya wenyewe kwa wenyewe, la mwaka 1862, makoti ya bluu ya Kaskazini na ya kijivu ya Kusini, mbele ya watu waliokaa nyuma ya kamba wakilamba aiskrimu. Pigano lenyewe halikuchukua muda. Wa bluu walikufa watatu, wa kijivu watatu wakatekwa. Mmoja wa wale wafu watatu alikuwa mali ya Delmar, na ole wake mgeni aliyejaribu kumnyang'anya.

Siku nyingine zote alikuwa fundi wa mabasi ya shule kule Coolidge, mtu mpole ambaye kucha zake hazikuwahi kutoka grisi. Ila kwenye kufa alikuwa na kiburi. Wenzangu wengi huchungulia kivuli kabla ya kuanguka, na wakishakufa hugeuza shingo kutazama nani anashinda. Yeye aliangukia palepale risasi ilipomkuta na hakutikisika tena. Sheria yetu ni kwamba maiti haiamki mpaka tarumbeta ilie. Hapo wafu wote husimama na kuvua kofia. Mwaka mmoja aliangukia shimo la sisimizi wekundu. Walimtafuna dakika kumi na moja na hata kope hakupepesa.

"Si ungenipa ishara nipige mapema?" nilimuuliza tulipokuwa tunampaka dawa.

"Umeona wapi maiti ikatoa ishara?" akanijibu, amevimba hadi masikio.

Nusu ya makoti yetu ilishonwa na mkewe, Nadine. Yeye pia ndiye aliyewapa wageni adabu za uwanjani, mikono kiunoni. "Ukiumia kwa mchezo, ita tabibu. Mwite mpaka koo likukauke, watu wamekuja kuona. Lakini ukivunjika kweli, moyo ukikubana kweli, unaita daktari. Hilo si neno la mchezo. Nikimsikia mtu analifanyia utani, nitamshonea suruali isiyo na matako." Hakuna aliyethubutu. Kwa miaka yote hiyo nililisikia neno lile mara moja tu, farasi alipomvunja mwenzetu mtulinga.

Kisha Nadine akaanza kusahau. Kwanza sufuria jikoni, halafu majina. Tangu Krismasi hakuwa amemtaja Delmar kwa jina. Alimwita "yule bwana". Binti yao Rhonda akawa "dada wa dawa". Machi hii Rhonda hakutaka kabisa mama yake aletwe.

"Baba, hajui hata leo ni lini. Akikuona umelala pale atafikiri nini?"

"Mama yako ameniona nikifa mara ishirini na mbili. Huwa ananipa maksi."

"Alipokuwa anajua, baba."

"Akikaa kwenye kiti chake atajua. Niachie hiki kimoja, Rhonda. Vingine vyote vimekwenda."

Nilikuwepo na kikombe changu cha kahawa, nikadakia kwamba mama atafurahi, hewa itamsaidia. Domo langu hili. Nilimwonea huruma Delmar, nikasahau kumwonea huruma Nadine.

Jumamosi wakamkalisha mbele kabisa, kwenye kiti chake cha kukunja, mwavuli juu. Kabla ya kwenda kufa Delmar akamwinamia. "Leo maksi ngapi, bibie?"

"Inategemea," Nadine akasema, na kweli lilikuwa jibu lake la siku zote. Delmar akamtupia Rhonda jicho la unaona? Akaingia uwanjani anatembea kama kijana.

Akafa vizuri. Bunduki zikalia, moshi ukatanda, naye akaenda chini na kutulia. Ndipo nikasikia sauti ya mwanamke.

"Daktari! Daktari!"

Mtu aliyesahau jina la binti yake hakukosea neno. Bunduki zote zikanyamaza, za bluu kwa kijivu, mitutu ikaelekezwa juu. Kapteni Ivey, ambaye siku za kazi hung'oa meno, akainua mkono na kuganda hivyohivyo. Nadine alikuwa ameshapita chini ya kamba, kiatu kimoja mguuni. Watazamaji wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya onyesho, na ningeweza kuwazaba vibao mmoja mmoja. Badala ya kupiga tarumbeta nilibaki nimeikumbatia.

Nadine akapiga magoti akaanza kumfungua vifungo, vilevile alivyovishona mwenyewe. "Delmar," akasema. "Delmar, usiniache. Delmar."

Na Delmar, aliyewashinda sisimizi, akaamka kabla ya tarumbeta.

"Nipo, Nadine. Nipo. Ni mchezo tu."

Nadine akamzaba kofi la shavu. "Unakufaje bila kuniaga?" Kisha akamkumbatia na kulia hadi Rhonda akaja kumwinua.

Jioni ile Delmar hakugusa maharage yake. Akakaa karibu yangu, anazungusha kofia mikononi.

"Ameniita jina langu, Tarumbeta. Mara tatu."

"Nimesikia."

"Ilibidi nife ndiyo anijue. Kesho nikifa tena, ataniita tena."

Nilijua ananiomba nimwambie fanya, au usifanye, na safari hii nilifunga domo. Roho iliniuma, maana mimi ningekufa. Kwa jina langu kutoka kinywa kile, ningekufa kila siku.

Asubuhi nikamkuta hemani kwa Ivey.

"Nipe koti la kijivu."

"La kijivu? Wewe? Mwaka juzi nilikuomba kwa magoti, ukaniambia heri uje uchi."

"Nataka kuwa mateka. Mateka hafi."

Ivey hakumtania tena. Akamtafutia koti lililombana mabega. Pigano likaisha, na wa bluu wakawaswaga mateka watatu kandokando ya kamba, mikono juu, Delmar wa mwisho. Alipomfikia Nadine akapunguza mwendo. Nadine akamtazama kuanzia kofia hadi buti, kama mtu anayemtazama mgeni mlangoni.

"Maskini," akamwambia Rhonda. "Hawa watu wamempa maji?" Akainuka na chupa yake, akamfikishia kinywani juu ya kamba. Mlinzi akasimama, sote tukasimama. "Kunywa, bwana. Una mke wewe?"

"Ninaye."

"Basi wakikuachia nenda moja kwa moja nyumbani. Atakuwa na wasiwasi."

"Hana wasiwasi leo," Delmar akasema.

Akanywa maji yote, akamrudishia chupa, akavua kofia. Tarumbeta nilikuwa bado sijapiga.