Pengo Nililoliacha Wazi

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, na kila nikiikumbuka uso hunishuka kwa haya. Ukitaka, nijibu kwa Kiingereza chako cha hapa Hayes, nimezoea. Mimi nitakusemesha Kiswahili tu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mimi na Bahati, kijana wa Bukavu, tulipakia mizigo ghalani karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, na siku za mapumziko tukicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kuvaa helmeti na kukumbatia mpira mfano wa yai. Mungu si Athumani, timu ya kulipwa ya hapa London ikatusajili sote wawili. Nafasi za sisi wakaazi wa humu zilikuwa chache mno, wengine karibu wote walikuwa Wamarekani. Shangazi Zubeda, aliyenipokea Hounslow nilipotoka Mombasa, alipiga vigelegele hadi jirani akagonga ukuta.

Uwanjani tulikuwa walinzi. Nawe usidhani kazi ya mlinzi ni kukimbilia mpira. La! Kila mmoja hupewa pengo lake alizibe, hata kama mpira uko upande wa pili na uwanja mzima unapiga kelele. Mimi nilicheza mbele, Bahati nyuma yangu. Nikikaa pangu, yeye yuko salama.

Basi Jumapili moja nikaona mpira unakwenda kushoto, tamaa ikanipanda. Nilitaka mimi ndiye nimwangushe yule aliyeubeba, nishangiliwe. Nikatoka pangu mbio. Kumbe ni hila! Mpira ukarudishwa kulia, na jitu zima likapita pale pale nilipotakiwa kuwa. Bahati akakutana nalo peke yake. Alilizuia, lakini goti lake likapinduka, akapiga ukelele ambao hadi leo nausikia. Tamaa mbele, mauti nyuma, wazee hawakukosea.

Sasa, timu yetu ilikuwa na desturi yake. Kila Jumatatu tulitazama mkanda wa mechi. Kocha, mzee wa Kimarekani asiye na maneno mengi, akisimamisha picha palipoharibika, mwenye kosa husimama mwenyewe na kusema, "Ni mimi." Hakuna anayemnyooshea kidole. Siku ile picha ikasimama, nami nikatazama viatu vyangu. Niliogopa kufukuzwa, nirudi ghalani watu wanicheke. Mwenzetu mmoja akasema labda Bahati alichelewa. Nikaliacha neno lile lipite. Kocha alinitazama kitambo, kisha akaendelea na mkanda.

Jioni nikaenda kwa Shangazi, aliyekuwa uwanjani ile Jumapili, nikamwambia wenzangu wanasema Bahati alichelewa. Akaweka mwiko chini.

"Wewe mwana wewe! Mchezo wenu siujui, naona watu wanagongana tu. Lakini mimi kazi yangu ni kutunza wazee. Nikimwacha mmoja kitandani nikamkimbilia yule anayepiga kelele, niliyemwacha ndiye anayeanguka. Nilikuona ukiondoka pako. Mwenzio yuko hospitali, na wewe bado wamtia doa jina lake?"

"Shangazi, nikisema watanifukuza."

"Na wakufukuze! Ghalani utarudi, lakini utarudi na uso wa kumtazama Bahati."

Asubuhi nikasimama mbele ya timu nzima. "Ni mimi. Bahati hakuchelewa. Mimi niliondoka."

Kocha akasema, "Nilikuwa nakungoja." Basi. Hakunifukuza, ila aliniweka benchi hadi msimu ukaisha, na nilistahili. Hospitali nilimkuta Bahati mguu umefungwa. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza, "Ndugu yangu, nilijua. Niliona mgongo wako ukienda." Akacheka, nami nikalia mbele yake kama mtoto. Goti lile halikucheza tena.

Mimi nilicheza miaka kadhaa hadi bega likagoma. Nilidhani yangu yamekwisha, lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Miaka ya elfu mbili ilipoingia, yule kocha, kabla ya kurejea kwao, aliniombea kazi ya kufundisha walinzi chipukizi. Nilipomuuliza kwa nini mimi, alijibu, "Kwa sababu ulisimama." Nami nikamwomba Bahati tufundishe pamoja.

Jumatatu yetu ya kwanza niliweka ule mkanda wa zamani, nikasimamisha picha pale pale. Nikasimama mbele ya vijana wale, nikasema, "Ni mimi." Bahati alikuwa kiti cha nyuma, fimbo yake mapajani. Akaitikia kwa sauti, "Nami niko nyuma yako." Mwanangu, nilishukuru siku ile kuliko siku yoyote niliyoshangiliwa.

Basi shika haya. Pahali ulipowekwa, kaa, kwani yupo anayekutegemea usiyemwona. Ukiteleza, sema mapema, kabla jina la mwingine halijachafuka. Na anayekukaripia kwa haki usimkasirikie, huyo ndiye wako. Shangazi nilimzika akiwa radhi nami, na hilo namshukuru Mungu kila nikisujudu.

Haya, nenda. Mola akuzungushie watu wa kukwambia ukweli, akupe miguu ya kusimama siku utakapoulizwa, na kila ugeukapo nyuma, umkute Bahati wako yupo. Amina.