Nilishuku Kila Kidonge Isipokuwa Kile

Ndugu zangu, kabla ya haya kunipata nilikuwa mzima. Nashona nguo Visiga, kutwa nimeinamia cherehani, na tatizo langu lilikuwa mgongo tu. Ukiuma nameza dawa ya maumivu, naendelea na kazi.

Kisha nikaanza kuwashwa. Mabaka mekundu yalinitoka tumboni na mapajani, yamevimba kama nimeumwa na siafu. Nilijikuna hadi damu. Duka la dawa wakanipa piritoni. Muwasho ulipungua, lakini nililala juu ya kitambaa cha mteja, mate yananitoka. Nikarudi kulalamika. Muuzaji akanipa setirizini, akasema nayo hufanya kazi mapema na hailazi sana. Sikumwamini. Dawa isiyolevya niliiona chaki tu. Aliponibadilishia loratadini, ikachelewa zaidi kunituliza, nikasema huyu ananiuzia bandia.

Nikamshuku na mama mkwe. Mabaka yalizidi kila nilipokwenda kwake Vihingo kumsaidia kulima mihogo. Nikaanza kukataa chakula chake, nasingizia nimeshiba.

Siku moja hukohuko shambani, mgongo ukanishika. Nikameza dawa yangu ya maumivu. Muda si mrefu midomo ikavimba, ulimi ukawa mzito, kifua kikabana. Nikameza setirizini, nikaongeza piritoni, nikakaa kusubiri ipi itawahi.

Mama mkwe akanitazama. "Mwanangu, sauti yako imebadilika," akasema. "Hatusubiri kidonge."

Akaita bodaboda, akapanda nyuma yangu, akanishikilia kiunoni hadi kituo cha afya.

Nilichomwa sindano pajani, pumzi ikarudi. Daktari aliniuliza nilimeza nini kabla ya kuvimba. Nikamtolea dawa ya mgongo.

"Hii ndiyo inayokudhuru," akasema. "Vidonge vya aleji hutuliza ngozi, vingine mapema, vingine taratibu. Koo likianza kuvimba, vyote vimechelewa."

Hata yeye nilimshuku. Dawa niliyoizoea miaka yote? Lakini kweli, kila nikilima mgongo huuma, nami humeza. Nimeiacha, na ngozi imetulia.

Namshukuru Mungu, namshukuru na mama mkwe, aliyeniwahisha kituoni ilhali mimi nilimdhania vibaya. Ndugu yangu, ukiwashwa tu, muulize mfamasia dawa ipi inakufaa. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, usikae kulinganisha vidonge. Kimbilia hospitali, na uwaambie vyote ulivyomeza, hata vile unavyoviamini.